Mkoba wa Babu Haujakauka

Karakana ya Ngozi,
Nyuma ya kwa Kinyozi,
Jumanne.

Mpendwa kaka,

Hujambo huko uliko? Wifi na watoto wazima? Kile kifua cha wifi kimepona? Huku miili haijambo. Moyo wangu ndio hauko sawa, na sababu nitakueleza, ila univumilie, maana nikianza na hofu barua hii sitaimaliza.

Kazi inakwenda. Bado nafufua ngozi kuukuu: mikanda ya askari wastaafu, mifuko ya risasi isiyo na risasi, matandiko ya farasi ya watu ambao farasi wamemwona kwenye kalenda. Mume wangu anasema nanuka kama kiatu. Amezoea.

Sasa habari za baba yako. Tangu mkewe, mama mdogo, atutoke, anaishi nasi katika chumba kinachopakana na karakana. Anakula kidogo, anaongea kidogo zaidi. Redio yake kampa kinyozi, saa yake kampa mume wangu. Tukasema mzee ana mkono mpana.

Wiki iliyopita akaniletea mkoba wa bastola wa babu, ule aliouvaa kiunoni enzi akilinda maghala ya reli. Unakumbuka tulivyoambiwa, kwamba babu alipofariki bastola ilirudishwa polisi, ukabaki mkoba mtupu. Hali yake ilikuwa mbaya: ukungu kila mahali, kifungo cha shaba kimeota kijani, mshono wa chini umefumuka. Nilifurahi, nikajua anataka kuutundika ukutani. Yeye akasema, "Usihangaike na urembo, mwanangu. Ulainishe tu, kitu kitoke bila kukwama." Nikacheka. Kitu gani tena?

Niliusugua kwa brashi kavu, nikaufuta kwa kitambaa nilichokikamua sana, kwa sababu ngozi ya zamani ukiilowesha inakakamaa na kupasuka. Kisha nikafunga kitambaa cheupe kwenye kijiti, nikakizungusha ndani. Kaka, mkoba uliokaa mtupu miaka yote hiyo hutoa vumbi, na mafuta yaliyoganda kama gundi. Kitambaa changu kilitoka na mafuta mabichi ya bunduki. Nilinusa mara ya pili nikitumaini nimekosea.

Tangu hapo namdanganya. Kila asubuhi anauliza kama mkoba umekauka, nami namjibu bado, ngozi ya zamani haitaki haraka. Ulishakauka. Najua fika bastola haingoji mkoba, lakini sikuwa na kingine cha kushikilia. Akikohoa nashtuka, akinyamaza nashtuka zaidi. Ningekupigia simu, ila kati yangu na baba ni ukuta wa mbao na kila neno linapita. Ndiyo maana barua hii nampa fundi saa, anayesafiri kesho kuja huko.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo baba alipoingia bila hodi. Nikaifunika karatasi kwa kipande cha ngozi. Akauchukua mkoba mezani, akaubonyeza kwa kidole gumba.

"Umekauka huu," akasema. "Tena siku nyingi."

Sijui ujasiri niliutoa wapi, nikamuuliza, "Baba, bastola iko wapi?"

Alikaa kwenye kigoda changu akalia. Sijapata kumwona akilia, hata msibani. Akasema, "Iko sandukuni, chini ya nguo za mama yako mdogo. Itoeni nyinyi. Mimi kila nikiishika, kuiachia kunanishinda."

Mume wangu na jirani yetu, askari mstaafu, wameipeleka kituoni. Mimi sikuigusa. Kesho tunampeleka kwa daktari. Sasa hivi wamekaa naye chumbani wanabishana habari za mpira, nami nasikiliza kila anapojibu. Bado naogopa, kaka. Kilichokuwa kinampeleka kwenye lile sanduku kiko naye bado.

Msalimie sana wifi, na yule kitindamimba wako mtundu, na shangazi ukimwona. Mungu awafunike kwa rehema zake, akufungulie na njia ya kuja nyumbani upesi.

Baba yako ameniomba jambo moja tu, nisikuambie. Nimemwahidi, kisha nikarudi mezani kuimalizia barua hii.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bila kipimo,
Fundi Ngozi.