Java ya Twalibu Dukani kwa Mzee Khatibu

Zuhra, weka chini hiyo chai. Kaka Twalibu kaaibika ukweni!!

Si unajua anavyomtaka Asmahani? Leo kaenda kumwonyesha baba mtu, Mzee Khatibu, kwamba yeye ni fundi wa programu. Akachomeka flashi kwenye kompyuta ya dukani, akaweka Java, ile lugha ya kuandikia programu. Ikaandika imekamilika.

Mzee: "Iko wapi?"
"Imeshaingia, baba."
"Iko WAPI?"

Maana kwa mzee, kilichowekwa lazima kiwe na kipicha pale mbele cha kubofya. Java haikuweka chochote! Twalibu akahangaika na mipangilio, akarudi kwenye dirisha jeusi la kuchapia amri alilolifungua mwanzo, akaandika amri ya kuiamsha Java. Ikagoma. Wateja wa fotokopi kutoka Nyakitonto wote macho kwake, jasho linamtiririka.

Mzee akachomoa waya wa umeme. Shoga, akachomoa WAYA! "Umeingiza kitu kisichoonekana kwenye mashine yangu, halafu nikupe binti?"

Akamwita ustadhi aje aisomee dua. Kompyuta, Zuhra! Kompyuta!

Dua ikaisha, wakaiwasha. Twalibu akaandika amri ileile. Ikakubali! Mzee akamkumbatia ustadhi, ikaanza dua ya shukrani.

Sasa Twalibu anajua fika kwamba baada ya kugusa ile mipangilio, kompyuta ilitaka kuzimwa na kuwashwa tu. Akafungua mdomo aeleze. Akamwona Asmahani mlangoni, kamkazia jicho.

Akaitikia "Amina" kwa sauti kuliko watu wote dukani.