Santuri ya Chumba Namba Tisa

Diani,
11 Machi, 1971

Dada yangu Kanze,

Shikamoo. Hujambo wewe, na shemeji Rai, na watoto? Mvua imefika huko Kinango, au bado mwagombania maji na ng'ombe? Mimi ni mzima, na kazi ya kutandika vitanda hapa hotelini naendelea nayo, ila kuna jambo limenikaa kichwani na sina wa kumwambia ila wewe.

Chumba namba tisa yuko kijana Mwingereza, nywele hadi mabegani, aliyekuja na kinanda cha santuri. Jumatatu ya wiki jana nilikuwa natandika, akaweka wimbo. Gitaa la umeme, dada, languruma hadi vioo vyatetema! Nikasema moyoni, kelele gani tena hizi. Kisha mwimbaji akatoa neno, akanyamaza, na gitaa likamjibu. Akatoa jingine, likamjibu tena. Nilijikuta nimekaa kwenye kitanda cha mgeni, shuka mkononi, natetemeka mwili mzima.

Garama, mwenzangu wa zamu, hakusita: nina pepo. Alinikumbusha jinsi mgonjwa anavyopigiwa kayamba, wimbo baada ya wimbo, mpaka ukipigwa ule wa pepo wake ndipo atikisike. Wangu, akasema, ni pepo wa Kizungu, na mganga aarifiwe mapema. Nilimcheka, lakini nikataka kujua ni kitu gani hasa ndani ya wimbo ule kilichonishika.

Basi kila siku nikawa namsumbua yule kijana. Aliniambia waimbaji ni vijana wa kwao, nao waliuiga kwa wazee weusi wa Amerika waliolima pamba, ambao uimbaji wao ulitoka kwa mababu waliochukuliwa huku Afrika. Nikamwuliza kama anazo sauti za hao wazee. Jana akatoa santuri kuukuu: mzee mmoja, gitaa la mbao, mguu ukipiga sakafu. Wimbo ni uleule, lakini polepole. Sauti yapanda, haifiki, yakatika, yashuka. Ndivyo alivyoimba baba akikamua ng'ombe. Nililia, Kanze, hadi kijana akazima kinanda.

Si pepo. Ni kilio cha baba ambacho sikukilia.

Sasa nikwambie ukweli. Nilikuandikia kwamba meneja alininyima ruhusa ya kuja kuzika. Sikuomba. Siku niliyoondoka nyumbani nilimwambia baba kwamba hata akifa sitarudi, na alipokufa kweli niliona haya kuutazama uso wake. Rai alipokuja kunichukua, nilijifungia stoo ya mashuka, nikamtuma Garama aseme meneja amenipeleka Mombasa kikazi. Nilimsikia Rai akijibu, "Mwambie hatutamzika mpaka jua litue, huenda akawahi."

Mliningoja, nami nilikuwa palepale.

Nitakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Usinichinjie kuku. Nionyeshe kaburi tu, kisha ukitaka kunifukuza, nifukuze.

Wasalimie watoto, na shemeji pia, kama ataipokea salamu yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Tsuma