Ndoo ya Nduta kwenye Foleni

Kitengela,
Jumatano

Kwako dada yangu Nduta,

Pokea salamu za nyumba hii yote. Goti linaendeleaje? Saning'o, ambaye amekubali kukuletea barua hii akirudi na lori la mbuzi, ameniambia alikuona sokoni Kajiado ukitembea bila mkongojo, tena ukigombana na mtu wa nyanya. Nikajua umepona kabisa. Sisi huku tuko wazima. Mke wangu Mugure anakusalimu, na anasema mume wake amenenepa tena mpaka koti la kanisani linafungika kifungo kimoja tu.

Juzi ulinipigia simu ukasema Jumapili unakuja kanisani kwetu, usimame utoe ushuhuda jinsi maombi ya ndugu yako yalivyokuvusha kwenye upasuaji. Nilijibu amina. Tangu hapo chakula hakishuki, na wewe unanijua mimi na chakula. Nimeshika simu mara tatu nikwambie jambo fulani, nikaishia kukuuliza kama mvua imenyesha. Ndiyo maana naandika.

Unamkumbuka Katee, yule mama Mkamba niliyemwandika kazi kwenye posho mill yangu ya kusaga unga? Wateja wakileta mahindi, ndoo zao zinapangwa foleni sakafuni, naye anazimimina moja moja. Mwaka jana niliona midomo yake ikicheza huku mashine inanguruma, nikadhani ananitukana. Nilipomuuliza alicheka, akasema anamwombea mwenye ndoo. Ndoo ikiisha, amina, anavuta nyingine. Ni hivyo kutwa nzima.

Wateja wakajua. Wakaanza kumwachia mahindi pamoja na mambo yao: huyu mtoto wake ana mtihani, yule mumewe hajapiga simu tangu Pasaka. Nami niko pale mlangoni, mzee wa kanisa miaka kumi na miwili, mtu wa kuitwa kuombea harusi mpaka Rongai, na wananipita wakiniuliza tu kama stima ya kuendesha mashine iko. Dada, niliona wivu, na haukuwa mdogo. Nikisikia mtu akisema, "Katee, usinisahau," nahesabu upya pesa nilizokwisha kuhesabu.

Basi siku moja nikamwambia apumzike, leo namimina mwenyewe. Nikafunga macho, nikapaza sauti ishinde mashine, nikaanza na kuumbwa kwa mbingu na nchi. Nilipofika kwa Nuhu nilikuwa nimemwaga mtama wa Timiro juu ya mahindi ya Mama Shiro. Timiro, yule jirani yetu Mwislamu anayeuza nguo, aliutazama unga wake, akanitazama mimi, akasema, "Mzee Kiama, hata sisi tunaomba. Lakini kwa mashine tunafungua macho." Wamama walicheka wakashikilia ukuta. Katee peke yake hakucheka, na hilo liliniuma kuliko kicheko.

Sasa lile jambo. Ulipokuwa mgonjwa, kila simu nilikuwa nakwambia nakuombea asubuhi na jioni. Dada, sikukuombea. Labda mara moja, pale kanisani, kwa kipaza sauti, watu wakinisikiliza. Nikiwa peke yangu nilikuwa nasema kesho. Kesho hizo zikaenda hadi siku ya kupasuliwa kwako, nami nikatoka nyumbani nikiwa nimeisahau kabisa.

Nilipofika kazini nikakuta ndoo tupu mbele ya foleni. Nikauliza kwa ukali ni ya nani. Katee akasema, "Ni ya dada yako, mzee. Mahindi yake yako Kajiado, lakini zamu yake iko hapa. Si anapasuliwa leo saa tatu?" Nilikuwa nimemtajia jina lako na tarehe wiki tatu kabla, katika kuzungumza tu, na tangu siku ile amekuwa akikuwekea ndoo kila asubuhi. Asubuhi nyingine ilikuwa nyuma ya foleni, nami nilikuwa nikiipita nikidhani ni ya kuzolea vumbi.

Mtu mwema hapo angelia. Mimi niliichukua nikaitupa nje, nikasema inazuia njia. Sikutaka awe ni yeye aliyekukumbuka. Ulikuwa umelala pale na kisu kinakungoja, na ndugu yako alikuwa anaona wivu! Nilipochungulia ndani, Katee alikuwa amezima mashine, amesimama pale ndoo ilipokuwa, midomo ikicheza. Alikaa muda wa kusaga ndoo iliyojaa. Kisha akawasha, akavuta ya pili.

Mchana mume wako Ndung'u alipiga simu kwamba umetoka salama, na kwamba unanishukuru. Nikazipokea shukrani.

Kwa hivyo njoo Jumapili, utoe ushuhuda wako, lakini jina langu litoe uweke la Katee. Anakaa benchi ya nyuma. Mimi najaribu kuomba nikitembea kwenda kazini, maneno machache, bila Nuhu. Leo nimekutaja nikiwa mbele ya kinyozi, nikaishiwa maneno kabla sijafika barabara ya lami. Usidhani wivu umeniisha. Wakimpigia makofi kifua kitaniuma, na nitakuwa nimekaa kule mbele mbele, mahali pa wazee, kila mtu ananiona. Wacha kiniume. Wewe mtaje kwa sauti kubwa.

Nisalimie Ndung'u na watoto. Ukikasirika nami una haki, lakini kasirika ukiwa njiani, kwa sababu Mugure ameshachagua kuku.

Ni mimi mdogo wako,
Hiram Kiama