Inchi Moja Kila Upande

Jumamosi, 2 Januari 1999

Naliahidi daftari hili kila kitu, hata yale yatakayoniaibisha. Hakuna mwingine atakayelisoma.

Asubuhi nimefagia duka la Mjomba Hamza. Nimefuta vumbi kwenye kompyuta mbili zisizoonyesha kitu. Kisha taipureta mpaka adhuhuri: barua nne za kuomba kazi, zote kwa mashirika. Vidole vinauma. Barazani Mama anashona nguo za Idi, hainui kichwa. Hivi ndivyo siku zangu zote tangu radi ya Desemba.

Fundi wa Rugerero alizifungua mashine akasema hazijafa. Kilichoungua ni kadi ya picha, kile kibao kinachopeleka maandishi kwenye skrini. Kila mashine na yake. Kadi zote mbili zimekufa.

Shule inafunguliwa tarehe 11. Muhula uliopita sikwenda kwa sababu barabara haikuwa salama. Sasa mabasi yanapita. Nafasi yangu ya bweni inanisubiri mpaka Jumatatu hiyo, baada ya hapo anapewa mwingine.

Jumapili, 3 Januari

Mjomba ameniita baada ya futari. Pesa aliyonayo inatosha kadi moja mpya kutoka Kigali, yenye garantii, au mbili za mtumba kutoka Goma.

"Wewe ndiye uliyesoma kitabu cha mashine, Rukia. Moja au mbili? Nitafuata neno lako."

Kitabu ni cha Kiingereza. Nyumbani kwetu ni mimi tu ninayekielewa, kwa sababu ya shule ya Bukoba, kabla hatujarudi Rwanda.

Kisha akaongeza. Kadi ikiwa moja, mashine itakuwa moja, naye ataiendesha mwenyewe. Mimi niende shule. Zikiwa mbili, ya pili ni yangu. "Utakaa hapa na mimi mwaka huu. Shule haihami."

Mama alikuwa anatia uzi kwenye sindano.

Jumatatu, 4 Januari

Moja. Nataka kusema moja.

Nimetembea mpaka ufukweni nikarudi. Mbele ziwa, kulia Grande Barrière, kituo cha mpaka wa kwenda Goma, nyuma barabara inayopanda Nyundo. Kila mtu mjini hapa anakwenda mahali. Mama Furaha, jirani yetu, anavuka mpaka asubuhi na nyanya, jioni anarudi na unga. Mimi navuka kizingiti cha duka.

Jumanne, 5 Januari

Nimesoma kitabu tena, nikitafuta sababu ya kusema moja. Sikuipata. Asubuhi watu saba walisimama mlangoni na fomu zao, watatu wakaondoka kwenda duka la jirani. Mashine moja haitatosha. Na kadi moja ikiungua tena, tumerudi palepale. Mjomba analisha watu sita, na mimi ni mmoja wao.

Nimemwambia mbili.

Akanishika kichwa kama anavyofanya akifurahi. "Huyu mtoto ana akili ya mtu mzima!" Nilitamani anitukane. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kwenye taipureta.

Sijutii. Si kweli. Najuta.

Jumatano, 6 Januari

Kazi ya leo: kuhakikisha kadi zitaingia. Ndani ya mashine kuna mianya ya kuchomekea. Mashine ya zamani ina ya aina mbili, mifupi myeupe na mirefu myeusi. Mpya ina mifupi tu. Kwa hiyo tununue za mwanya mfupi, zitakubali kote kote.

Mama Furaha ndiye atakayetununulia, lakini hasomi, na muuzaji wa Goma ana sanduku zima la vibao. Nikafikiri kama binti wa fundi cherehani. Nimeweka karatasi juu ya mwanya mfupi nikaufuata kwa penseli, kama Mama anavyochora patroni ya mkono wa gauni. Mama akaichukua aikate kwenye karatasi ngumu ya kaki, maana ile yangu ingelowa kwenye kikapu cha nyanya. Alikuwa na magauni matano ya watoto mezani. Alikata haraka, akampa Mama Furaha mwenyewe mkononi.

Alhamisi, 7 Januari

Zimefika. Mama Furaha alizifunga mgongoni ndani ya kitenge, kama mtoto aliyelala. Mpakani aliulizwa mtoto ana umri gani.

"Nikasema ni mapacha!" Alicheka mpaka akashika ukuta. "Na ule mutu wa Goma, yewe! Anasema, huyu mutoto anapima ordinateur, ile kompyuta yake, sawa suruali. Bon, karatasi yako ni hii. Zote mbili zinaenea nayo muzuri."

Mashine ya zamani: nilijaribu mwanya mweupe, kadi ikagoma. Nikajaribu ule mrefu mweusi, ikaingia. Skrini ikawaka. Mjomba akasema Alhamdulillahi mara tatu.

Mashine mpya: haiingii. Kadi ni ndefu mno. Mianya mirefu humo hakuna.

Niliweka karatasi ya kaki juu ya mwanya nilioupima. Inazidi. Inchi moja upande huu, inchi moja upande ule.

Nilijua mara moja ni nini. Ni pindo. Mama huwaongezea watoto inchi moja kila upande kwenye nguo za Idi, wakikua ziachiliwe. Amelikatia pindo tundu la kompyuta.

Mjomba alimtazama dada yake. "Zulfa! Kompyuta inakua?"

Mama akajifunika mdomo kwa kanga. "Mkono umezoea, kaka. Nisamehe."

Ijumaa, 8 Januari

Mama Furaha amejaribu kuirudisha moja. Muuzaji amekataa. Ameonyeshwa karatasi, ameuza kinachoenea karatasi. Ana haki.

Pesa imekwisha. Mashine moja inafanya kazi, kadi ya pili iko kwenye droo kama akiba. Naona aibu kwa sababu ndani yangu kuna kitu kinachorukaruka, na nakikanyaga kisitoke.

Jumamosi, 9 Januari

Mjomba amesema wakati wa futari, akitazama uji wake: "Basi ni moja. Mimi nitakaa kwenye mashine. Wewe nenda kasome, ukirudi uniambie kwa nini hawa watu hawatengenezi mianya yote sawa."

Nilisema ndiyo, Mjomba. Uji ulinipalia.

Jumapili, 10 Januari

Sanduku limefungwa. Basi ni saa kumi na mbili asubuhi. Mama amenishushia sketi ya shule, maana nimerefuka. Pindo lilikuwepo.

Jioni hii nimeokota ile karatasi ya kaki chini ya meza. Kwenye kaki mstari wa penseli upo. Mama aliuhamisha kwanza, mwembamba, sawasawa kabisa na wangu, bila kukosea hata unywele. Mkasi umepita nje yake, umenyooka, haukutetereka popote.

Nimefikiri sana. Kila mteja Mama humuuliza, "Na pindo au bila?" Sijawahi kusikia akisahau, hata kwa mzee anayeleta mfuko wa gunia. Jumatano hakuniuliza. Na usiku ule Mjomba aliponipa uchaguzi, alikuwa palepale, anatia uzi kwenye sindano.

Sasa yuko barazani anamalizia gauni la mwisho. Cherehani inasimama, inaanza, inasimama. Siwezi kumuuliza mbele ya Mjomba. Kwa hiyo nimeandika kwa penseli kwenye ile nafasi iliyo kati ya mstari na ukingo, herufi ndogo ili zienee, na karatasi nitaiweka chini ya mguu wa cherehani yake akienda kutawadha:

Mama, ni mkono uliozoea, au ni wewe? Nijibu kabla ya basi.