Shangazi Zima Taa, Uliyetuhamishia Uani

Wifi, leo umetimia mwaka tangu ulipotutoka, asubuhi ya Jumanne, ukiwa umekaa barazani na chai yako haijapoa. Kalamu nimepewa mimi. Watoto wanasema aliyegombana nawe zaidi ndiye anayekujua zaidi.

Ulikuja kwetu na begi moja, kwa wiki mbili. Kaka yako, dereva wa lori, alikuwa amevunjika nyonga, nami nilikuwa karani wa shule, natoka alfajiri narudi jioni. Wewe ulikuwa umestaafu baada ya miaka thelathini katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali. Ulimgeuza, ukamwosha, ukamkaripia hadi akasimama. Wiki mbili zikawa miaka sita.

Mwezi haukuisha kabla nyumba haijaanza kukutii. Mche wa sabuni uliukata vipande ukavianika juu ya kabati, kwa sababu sabuni kavu haiishi upesi. Maharage uliyaroweka, ukayachemsha kidogo, kisha ukaifunika sufuria kwa blanketi ndani ya kikapu yaive yenyewe. Shuka lililochakaa katikati ulilipasua, ukashona pindo kwa pindo, likarudi kitandani. Na kila tulipotoka chumbani, sauti yako ilitufuata: "Zima taa." Kitinda mimba wetu akakuita Shangazi Zima Taa, nawe ukaitika kama uliyezaliwa na jina hilo.

Nyonga ilipona, lakini kaka yako hakurudi kwenye lori. Kampuni ilimweka ghalani, kwa nusu ya mshahara wake wa zamani. Nyumba tuliijenga kwa mkopo wa benki na hati ilikuwa rehani. Tuliposhindwa marejesho ya miezi mitatu, barua ikaja: tulipe au nyumba ipigwe mnada. Kaka yako akaona afadhali auze mwenyewe. Mfanyabiashara mmoja alishapita mara mbili kuikagua, na mara ya pili alikuja na mkewe.

Uliisoma ile barua mara mbili, ukaomba uachiwe siku moja. Kesho yake ukatuambia nyumba haiuzwi, tutakaohama ni sisi. Uani kulikuwa na vyumba viwili na stoo. Tuhamie huko, nyumba kubwa tuipangishe, kodi yote iende benki moja kwa moja bila kupita mikononi mwetu.

Nilichokujibu nakiandika hapa ili kisomwe. Nilisema, "Umekuja kuuguza, hukuja kutawala." Kaka yako alitazama chini. Wewe ulinyanyuka ukaenda kuosha vikombe.

Asubuhi nilikukuta uani, kitambaa kichwani, unapaka chokaa stoo, kile chumba kibovu kuliko vyote. Godoro lako lilikuwa tayari mlangoni. Nikakuambia nisichoweza ni aibu. Nitawaambia nini watu, kwamba nimekuwa mpangaji wa uani kwangu mwenyewe? Hukuacha kupaka.

"Aibu nipe mimi," ulisema. "Wakikuuliza, waambie wifi yangu ni bahili, ndiye aliyetutoa nyumbani. Wewe shika nyumba."

Nami nikafanya hivyohivyo. Benki ilikubali mpango wako, na mfamasia mmoja na mkewe walipoingia kupanga nyumba kubwa, nikaona mwanamke mwingine anatundika mapazia yake kwenye madirisha yangu, nililia. Jirani wa kwanza aliponiuliza kulikoni, nilimwambia ni wifi. Wa pili nilimwambia ni wifi. Baada ya hapo sikuulizwa tena, maana mtaa mzima ulishajua. Walisema wewe ni mkono wa birika, wakasema umekuja kumla kaka yako na kutunyima sisi. Ulipita katikati yao na kikapu chako, ukiwasalimu mmoja mmoja na kuwauliza hali za watoto.

Binti yetu mkubwa anakumbuka siku wanafunzi wenzake walipomtembelea wakagonga nyumba kubwa. Alijificha nyuma ya ukuta. Wewe ukatoka, mikono ina povu, ukawaambia, "Karibuni huku, wanangu. Kule tumewaachia wageni wetu." Ukawakalisha kwenye mkeka, ukawatengenezea chai. Binti alitoka mafichoni peke yake, bila kuitwa. Anasema tangu siku ile hakuwahi kujificha tena.

Miaka minne, wifi. Sare za watoto ulizishona na pindo refu, kila Januari unalifungua kidogo. Mvua ilipovuja stoo uliweka beseni, na maji yake ukafulia. Mimi nilipokata tamaa ulikuwa unasema bandu bandu huisha gogo, na siku nilipokuambia gogo lenyewe naliona vilevile, ulinijibu nitazame vipande vilivyolala chini, sio gogo. Kaka yako alicheka hadi akashika nyonga.

Kisha mwezi ukafika ambao hatukudaiwa. Kaka yako alirudi na hati ndani ya shati, akakukabidhi wewe kwanza. Uliipangusa na kanga yako, ukanipa mimi. Mfamasia alikuwa amepata kwake, akahama, nasi tukavuka ule ua mdogo na vyombo vyetu vichwani. Tulikupa chumba kinachopata jua la asubuhi. Ulikikataa siku mbili, siku ya tatu ukahamia kimyakimya.

Jioni moja barazani nilikuomba radhi. Nilikuambia nitapita nyumba kwa nyumba niseme ukweli. Ulicheka sana.

"Waache, wifi. Bahili hakopwi. Miaka minne hakuna aliyenigongea mlango kuomba mkopo. Nimepumzika."

Nami nikanyamaza tena, maana kunyamaza kulikuwa rahisi.

Leo sinyamazi. Majirani mnaosoma haya, jueni kwamba wifi yangu hakututoa nyumbani. Aliturudisha. Chakula tulichokula uani kilinunuliwa kwa pensheni yake, mwezi hata mmoja haukukosa, na stoo inayovuja alijichagulia yeye. Maneno mliyoyasema juu yake yalitoka kinywani mwangu. Kama kuna wa kuitwa jina baya, niiteni mimi.

Wanaokukumbuka ni kaka yako, mtunza ghala, anayekaa barazani upande wako lakini hakikalii kiti chako. Mimi wifi yako. Binti yetu mkubwa, ambaye sasa anasomea uuguzi. Kitinda mimba wetu, aliyekupa jina. Na mfamasia na mkewe, ambao wameomba nao watajwe.

Lala salama, wifi. Tukiwa ndani ya nyumba hii, tumo ndani ya kazi ya mikono yako, na hatuna namna ya kukusahau.