Mashine Yenye Jina Lako

Mpendwa Senje, shangazi yangu,

Juzi jina lako lilitajwa mkutanoni, orofa ya juu kabisa ya jengo letu mjini, na wakubwa wakakubaliana ufutwe kazi. Naona afadhali usikie kwangu. Hapa mtaani Satellite hakuna mwingine wa kuambiwa. Nikirudi jioni bado naweka viatu vyangu upande wa kushoto wa mlango, nikikuachia nafasi ya vyako.

Unakumbuka siku niliyoletwa kwako baada ya kumzika baba? Hukuwa na mtu wa kubaki nami, ukanibeba hadi kazini, kwenye karakana ile ya sweta za shule nyuma ya kanisa. Kelele za mashine zilinitisha, nikajificha nyuma ya magunia ya uzi. Ulikuja ukachuchumaa. "Haiumi hii," ukasema. "Hii ni Atieno. Msalimie shangazi." Nikampa Atieno mikono yote miwili, nikakuta ni chuma baridi. Akina mama walicheka hadi wakashika mbavu.

Baadaye ulinieleza desturi yenu. Mfumaji akistaafu au akifariki, mashine aliyoikalia hubaki na jina lake, na anayeirithi huitaja kila asubuhi anapoiwasha. Nimekua nikisikia hivyo: "Wambui amekwama, leteni mafuta." "Leo Atieno ana maringo." Kwangu hawa walikuwa watu.

Nakumbuka pia asubuhi ya usaili wangu wa kwanza mjini. Miguu ilikataa pale langoni. Hukunibembeleza. Ulinirekebishia kola ukasema, "Kuogopa, ogopa. Lakini ogopa ukitembea." Ukanisukuma kidogo mgongoni. Huo mkono wako ndio ninaoukosa zaidi.

Sasa ile mipango ya viwanda vya kidijitali inasemwa redioni kana kwamba ilishuka na manabii. Mimi nilikuwepo ikianza, Senje. Ilianza na meza moja na birika la chai iliyopoa. Mkurugenzi wetu alikuwa ametoka safarini, akatueleza kwamba viwanda vya wenzetu huko nje vinazungumza. Mashine ikikaribia kuharibika hutuma habari kwa mtandao, na fundi hufika kabla haijasimama. Uzi ukikaribia kwisha, muuzaji ndiye anayejua kwanza. Alitaka nchi yetu yote ifike huko. Akauliza tuanze na kiwanda gani. Kila kikubwa kilichotajwa kilikuwa na sababu ya kukataa, mpaka orodha ikaisha. Mimi ni karani tu, kazi yangu ni kuchapa. Sijui nani aliufungua mdomo wangu. Nilisema kuna akina mama wanaofuma sweta Satellite.

Kwa hiyo vijana wakaja kutoka ofisi moja ya Hurlingham, wakabandika kwenye kila mashine kidude chenye taa. Mama Shiru, anayekalia kiti chako siku hizi, alikizunguka kama kuku aliyeona nyoka.

"Kwa hivyo hii kitu itasema nikienda choo?"

"Itasema mashine imesimama tu, Mama Shiru."

"Na nani huisimamisha kama si mimi? Hata bwanangu hajui vile napanga saa zangu, sasa nijulikane huko tao kwa wakubwa wenu?" Wenzake wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Naliaka, wewe ni mtoto wetu. Usituletee nyapara wa taa."

Niliwaahidi kwamba taa zile ni za kuangalia mashine, na hakuna mtu atakayehukumiwa nazo. Wakaniamini kwa sababu yako. Kijana wa Hurlingham alipouliza mashine zinaitwaje, Mama Shiru alitaja majina, naye akayaingiza alivyoyasikia. La mwisho lilikuwa lako, Rose.

Juzi basi, wageni waliketi mbele ya skrini kubwa kuona jaribio letu. Atieno, kijani. Wambui, kijani. Wote kijani, isipokuwa wewe. Nilijua kwa nini: sindano zilikuwa zimevunjika, na Mama Shiru alikuwa bado anasubiri nyingine.

"Huyu Rose ana shida gani?" mgeni mmoja akauliza. "Wenzake wanachapa kazi, yeye tangu asubuhi amekaa tu."

Mkurugenzi akafurahi, Senje. "Hapo sasa ndio mnaona faida ya hii mambo. Naliaka, andika. Rose atolewe, wachukue mwingine." Vichwa vikatikisika kukubali.

Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Nilishika kalamu nikaanza kuandika jina lako. Herufi ya kwanza ilikuwa tayari kwenye karatasi nilipohisi kama nimeguswa mgongoni.

"Bwana Mkurugenzi, Rose alifariki."

"Alifariki? Akiwa kazini?"

"La, hospitalini, mwaka jana. Hiyo ni mashine, imepewa jina lake. Sindano zimevunjika."

Kuna aliyecheka, kisha akajifanya anakohoa. Nilitamani kuishia hapo, lakini nikaendelea. Nikasema kama ni rahisi hivi kumfuta kazi aliyekufa, sijui walio hai watapona vipi. Nikasema kuna ahadi niliyowapa wafumaji.

"Uliwaahidi kwa ruhusa ya nani?"

"Sikuwa na ruhusa, bwana."

Aliinyooshea kidole ile taa nyekundu kwenye skrini. "Basi iandike kwa rasimu ya mpango. Fupi. Nitaisoma." Hakusema ataipitisha.

Niliiandika hivi: Taa hizi zitapima mashine. Hazitampima mtu. Karatasi iko mezani kwake tangu siku hiyo. Kuhusu mkataba sijaambiwa neno. Wenzangu wakinikuta kwenye lifti wanakumbuka kitu walichosahau. Mchana nakula peke yangu karibu na dirisha, na kila mlango ukifunguliwa nageuka kutazama. Mama Shiru sijamweleza bado. Nitamwambia nini, na karatasi haijarudi?

Lakini leo asubuhi nilifungua kompyuta na jina lako likawaka kijani. Sindano zimepatikana. Nikakaa nalitazama, kazi zikinisubiri. Baadaye mkazima wote kwa pamoja, nyekundu kutoka juu hadi chini, na aliyepita nyuma yangu akaguna. Mimi nilijua ni saa ya chai. Nilijua wamekaa juu ya magunia ya uzi, Mama Shiru akilalamika kwamba sukari ni kidogo.

Nikajimiminia kikombe, nikanywa nao huku mjini, taratibu, mpaka ulipowaka tena.

Pumzika, Senje. Mimi naogopa bado, lakini natembea.

Mtoto wa kaka yako,
Naliaka