Kilichokuwemo Kwenye Buti la Mujibu

Baba Rukaiya,

Uji upo kwenye chupa. ~~Mchinje jogoo.~~ Muache jogoo hadi mwanao arudi.

Ulipotoka tu kwenda shamba, Rukaiya alishikwa na uchungu. Lile gari la kifahari la mdogo wako Mujibu, ulilolicheka jana eti halibebi hata gunia la korosho, ndilo lililotubeba. Hospitali hatukufika. Mtoto alizaliwa njiani pale Makote, ukungu umetanda, kanga zote zimelowa, naye kimya, baridi kama jiwe. Mujibu akafungua buti kutafuta chochote. Akapapasa ubavuni, kikafunguka kijimlango ambacho hata yeye mwenye gari hakukijua. Ndani mna glavu, bandeji, na blanketi jembamba kama karatasi, linang'aa kama dhahabu. Tukamfunga nalo. Subhanallah, Baba Rukaiya! Nilimsikia akipata joto mikononi mwangu, kisha akalia.

Sasa wako hospitali, wodini, wazima wote wawili. Nimefuata kanga kavu, naondoka tena. Oga kwanza ndipo uje. Ni wa kike. Nesi alitaka kumvua lile blanketi, nikamwambia asubiri babu yake aone.

Ni mimi mkeo, bibi wa mtu tangu leo asubuhi.